Miezi Mitatu ya Maji

Kiwandani walimwita Bi Sawasawa, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha kutia rangi vitambaa kwa mwaka wa kumi na sita, na hakuna siku aliyorudi nyumbani kabla pande mbili za hesabu zake hazijawa sawasawa. Watu wa aina hiyo wapo. Akipanga vijiko kabatini vyote vinatazama upande mmoja, na akigawa nyama mezani hakuna wa kunung'unika kwamba mwenzake kapata kubwa.

Sasa mtu kama huyo akiingiwa na wivu, hata wivu wenyewe ataupigia hesabu. Na wa kwake ulikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe.

Tuseme kweli, wifi aliingia kiwandani kwa mkono wake. Bi Sawasawa ndiye aliyembembeleza Meneja ampe yule binti kazi ya kupanga mafaili, na ndiye aliyemkalisha kando yake miezi sita akimwonyesha hati ya malipo ni ipi na ankara ni ipi. Miaka minne ikapita. Ndipo wanunuzi wa vitambaa walipoleta barua kwamba hawatanunua tena hata jora moja bila ripoti ya uendelevu, yaani kitabu kinachoeleza kiwanda kinatumia maji kiasi gani, kinatoa moshi kiasi gani, taka zake zinakwenda wapi na wafanyakazi wangapi wameumia. Na kila takwimu lazima ipitiwe na mkaguzi kutoka nje.

Bi Sawasawa alijua kazi hiyo ni yake. Nani mwingine? Alikwisha kununua hata kalamu mpya. Siku ya kikao Meneja akasimama, akakohoa kidogo, akasema ripoti itaongozwa na wifi. Watu wakapiga makofi. Bi Sawasawa naye akapiga, tena kwa nguvu, mpaka viganja vikamuwasha.

"Hongera, wifi," alisema.

"Nitakutegemea wewe, wifi yangu," akajibiwa, na akakumbatiwa mbele ya watu. Kumbatio lile lilimchoma kuliko tusi.

Kuanzia hapo alikuwa na kazi mbili, ya mshahara na ya kumtazama wifi. Alimwona akipewa meza ya karibu na dirisha. Alimwona akivaa mabuti ya mpira na kushuka kwenye mfereji wa maji machafu, ambako hakuna mhasibu aliyewahi kutia mguu, akiandika huku amekunja pua. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wifi aliinama kweli. Dereva wa kreni aliandika mafuta anayotumia nyuma ya pakiti za sigara. Wifi alizikusanya pakiti zote. Mlinzi wa getini hakuwahi kuhesabu malori ya taka; wifi alikaa naye getini wiki nzima, wakahesabu pamoja. Msimamizi wa mitambo alificha majina ya walioungua kwa mvuke, akiogopa kuonekana mzembe. Wifi alikwenda kunywa naye chai mara tatu, na mara ya tatu majina yakatoka, saba.

"Hii si hesabu, huu ni umbeya," Bi Sawasawa alimwambia karani wake. Karani akacheka kidogo, kisha akakumbuka ana kazi ya kufanya.

Na nyumbani hakukuwa na pa kupumzikia. Mama mkwe aliishi nao, na kila jioni alikuwa na neno la binti yake. "Nasikia mwanangu siku hizi anaitwa mpaka ofisini kwa Meneja. Na wewe mkwe wangu, bado uko kwenye yale madaftari?" Hakusema kwa ubaya. Ndivyo wazee wanavyosema, na ndivyo sindano inavyoingia. Mumewe, mtu wa amani, aliongeza mchuzi kwenye sahani yake.

Kisha mita ya mfereji ikafa. Kiwanda kilikuwa na mita mbili za maji: moja kwenye kisima, inayohesabu maji yanayoingia, na nyingine kwenye mfereji, inayohesabu yanayotoka. Ya mfereji ilijaa matope ya rangi, na kabla haijabadilishwa ikapita miezi mitatu bila kipimo. Wifi akaandika ndani ya ripoti, kweupe, kwamba miezi hiyo haikupimwa, kwamba takwimu zake ni makisio kwa kufuata miezi tisa mingine, na kwamba makisio yanaweza kukosea.

Bi Sawasawa alipousoma ukurasa ule alihisi kama kaona mtu amevuliwa nguo sokoni.

"Wifi, utampa mkaguzi kitu chenye tundu?"

"Tundu si lipo?"

"Lipo, lakini hesabu haiachwi wazi. Watasema hatujui kazi."

"Mficha maradhi, wifi, kifo humuumbua. Nikilificha, akiligundua mwenyewe si ndiyo mbaya zaidi?"

Alijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtu. Yeye, kumfundisha Bi Sawasawa. Hilo nalo likaingia kwenye daftari la moyoni.

Siku mbili kabla mkaguzi hajaja, mama mkwe alikuwa na miadi ya macho hospitalini, na binti yake ndiye wa kumpeleka. Wifi akaja na faili. "Nipitie jumla tu, wifi. Macho yangu yamechoka, na siwezi kumwachia mtu mwingine." Akaondoka mbio.

Bi Sawasawa alifunga mlango. Alipitia jumla, na jumla zilikuwa nzuri, jambo lililomkera. Akafika kwenye maji. Kwa mwaka mzima kisima kilikuwa kimeingiza mita za ujazo elfu kumi na mbili na arobaini, kama elfu moja kila mwezi. Mfereji, kwa miezi tisa iliyopimwa, ulikuwa umetoa elfu saba mia mbili na arobaini, kama mia nane kila mwezi. Mia mbili za kila mwezi hazikuonekana upande wa pili. Wifi aliandika pembeni maelezo marefu kuhusu hizo mia mbili, na Bi Sawasawa hakuyasoma. Kwake yeye kilichoingia na hakijatoka kimeibiwa au kimesahauliwa, na vyote viwili ni aibu ya mwandishi.

Akatoa elfu saba mia mbili na arobaini kutoka elfu kumi na mbili na arobaini. Zikabaki elfu nne na mia nane, kamili, na miezi iliyokuwa mitupu ilikuwa mitatu. Maji yalikuwa matangini, alijiambia, kama mali iliyolala ghalani, na miezi hiyo ndipo yalipotoka. Akagawa kwa ustadi, asiweke namba tatu zinazofanana: elfu moja mia tano themanini, elfu moja mia sita thelathini, elfu moja mia tano tisini. Akaung'oa ukurasa wa makisio, akachapa jedwali jipya, na chini kabisa pande mbili zikasimama sawasawa mpaka tarakimu ya mwisho.

Mpango aliujua vizuri. Mkaguzi angesifu jedwali la maji, Meneja angeuliza nani kalitengeneza, na yeye angesema kwa unyenyekevu kwamba alimsaidia wifi kidogo, kulikuwa na tundu. Basi. Hakumtakia wifi kufukuzwa kazi. Alitaka tu, kwa siku moja, watu wageuke upande wake.

Wifi alirejea kesho yake, akakuta faili limekwisha kufungwa na kupelekwa kwa Meneja, akashukuru.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mizito na sauti ya chini. Asubuhi alizungushwa kiwandani, na mchana akaketi na Meneja, wifi na Bi Sawasawa katika chumba cha vikao. Alifungua ukurasa mmoja mmoja. Pakiti za sigara alizisifu. Majina saba ya walioungua aliyasoma mara mbili, akasema ni mara chache kuona kiwanda kinachosema ukweli wa namna hiyo. Bi Sawasawa alingoja ukurasa wa maji.

Ulipofika, mkaguzi alivua miwani.

"Matangi yenu yanahifadhi maji ya siku ngapi?"

"Siku mbili, mama," Meneja alijibu.

"Siku mbili. Basi nielezeni. Miezi hii mitatu kisima kimeingiza elfu moja moja, na mfereji umetoa zaidi ya elfu moja na mia tano. Mna mto humu ndani? Halafu mwaka mzima yaliyoingia na yaliyotoka ni sawa mpaka tone la mwisho. Asubuhi nimepita kwenye chumba chenu cha kukaushia. Miwani hii ilijaa mvuke mpaka nikashikwa mkono. Ule mvuke si maji? Vile vitambaa vinavyotoka vimelowa havijabeba maji? Namba hizi hazikupimwa, zimetungwa. Na kama hizi zimetungwa, nitaziaminije hizi nyingine?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bi Sawasawa ilikuwa imeishia mezani, mbele ya macho yake. Mia mbili za kila mwezi zilikuwa zinapanda hewani kila siku, zinalowesha nywele za wafanyakazi, na yeye kwa miaka kumi na sita alikuwa amefunga dirisha ili karatasi zisipate unyevu.

Meneja alimgeukia wifi. Uso wake ulikuwa umekwisha kuamua. "Jina lako ndilo liko kwenye jalada."

"Ripoti ni yangu," alisema wifi. Alikuwa anaupapasa ukingo wa karatasi, pale ukurasa ulipong'olewa. "Jedwali hili si langu."

"Ni la nani basi?"

Wifi hakumtazama mtu. "Mwenyewe yupo. Atasema."

Bi Sawasawa alijua kwamba akinyamaza, imekwisha. Mkaguzi ataikataa ripoti, wifi ataondolewa, na kiti cha dirishani kitatafuta mtu mzima mwenye uzoefu. Hakuna shahidi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa vilevile alivyokaa. Na akakaa, Mungu amsamehe, akakaa kwa muda ambao Meneja alipata nafasi ya kumimina maji kwenye glasi, kunywa, na kuirudisha mezani. Alimtazama wifi. Bado alikuwa anaupapasa ukingo wa karatasi, na jina la mtu hakulitaja.

"Ni mimi," Bi Sawasawa alisema. "Nilipewa nipitie jumla. Nikang'oa, nikaandika langu."

Mkaguzi aliuliza kama ukurasa wa kwanza bado upo. Upo, alisema, ulikuwa kwenye droo yake. Ukaletwa. Mkaguzi akausoma polepole pamoja na yale maelezo ya pembeni, ambayo yalikuwa ya mvuke na vitambaa vilivyolowa, akasema huu anaukubali. Lakini aliomba mistari miwili iongezwe, kwamba takwimu za miezi hiyo ziliwahi kujazwa bila kipimo na zimeondolewa, na aiandike aliyezijaza. Bi Sawasawa aliandika kwa ile kalamu yake mpya. Meneja akamwambia, bila kumtazama, kwamba ripoti hiyo asiiguse tena.

Wifi alimpata kwenye chumba cha kukaushia, kwenye mvuke wenyewe.

"Ulitaka niumbuke?"

"Nilitaka nisifiwe mimi."

"Ungeniambia tu. Ningeandika jina lako juu ya langu."

"Sikutaka kuandikwa na wewe."

Wifi alijifuta uso kwa kiganja. "Nyumbani sisemi. Na usidhani ni kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya kaka."

Siku ya mapumziko walikaa wote mezani. Mama mkwe, macho yake yamepata nafuu, alikuwa na furaha. "Nasikia ripoti imepita. Hongera, mwanangu. Na wewe mkwe wangu, ulimshika mkono mwenzio, au ulimwachia mzigo peke yake?"

Kijiko cha Bi Sawasawa kiliishia njiani.

"Alinisaidia sana, mama," wifi akawahi. "Bila yeye nisingefika." Akamsogezea jagi la maji, taratibu, na tabasamu dogo.

Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu mtoto hana makuu. Hata sifa zake anagawa."

Hapo ndipo Bi Sawasawa alipopiga hesabu yake upya. Kiti kachukua wifi. Mabuti, Meneja, mama, vyote vyake. Sasa anachukua na wema, na Bi Sawasawa atakula huruma yake kila siku ya mapumziko mpaka azikwe. Wivu haujawahi kumkaba namna ile, na ni huo wivu, si kitu kingine kizuri zaidi, uliomfungua mdomo.

"Anakuficha, mama. Sikumsaidia. Nilimharibia kazi yake kwa makusudi kwa sababu ya kijicho, na nusura afukuzwe. Nilipoulizwa nilinyamaza kwanza."

Mume aliweka kijiko chini. Mama mkwe alimtazama mke wa mwanawe kwa yale macho yake mapya.

"Miaka kumi na minane uko nyumba hii," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia jambo la kukuaibisha. Wengine humu hawajawahi hata mara moja. Lete sahani yako, mwanangu." Akachagua kipande kizuri cha nyama, akamwekea.

Mkono wa wifi ulikuwa bado uko kwenye jagi. Alikuwa anakitazama kile kipande cha nyama, kisha akamtazama aliyepewa. Bi Sawasawa alilijua vizuri jicho lile. Alikuwa nalo yeye mwaka mzima.