Baridi ya Kona ya Magunia

Vifaranga wa Paskazia walikuwa wakifa kila alfajiri, tena kwenye kona ileile ya banda, wamepandiana migongo. Banda lenyewe lilikuwa la maana kwa mji kama Katoro: tofali za kuchoma, bati lililopigwa dari ya magunia, majiko ya mkaa ndani na maranda sakafuni. Joto lilikuwa linapotelea wapi, fundi aliyelijenga hakuona.

Paskazia aliona. Kwa hesabu zake, joto lilitolewa na jicho la Bhoke, jirani yake, ambaye siku vifaranga walipoletwa alichungulia dirishani akasema, "Jamani, wazuri hawa!" bila hata kumtaja Mungu. Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Bhoke hakujua kosa lake, akadhani mwenzake anaumwa jino.

Mtu asimcheke. Mumewe, Mwigulu, alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alitoka kwenye maduara, yale mashimo marefu kama visima, baada ya mdogo wake Charles kukosa hewa humo na kutolewa akiwa ameshakufa. Siku ya matanga alimwambia mkewe: kuku wakitulisha, shimoni sirudi; wakishindikana, narudi, watoto hawali ahadi. Kundi hili lilikuwa jaribio la mwisho. Paskazia aliogopa mpaka akawa anaacha ugali sahanini, ingawa ukimwuliza angekwambia ni mafua.

Kitu kimoja tu kilimpa faraja. Tangu vifaranga waje, Mwigulu alikuwa amemrudia Mungu. Kila alfajiri aliaga kwenda misa ya kwanza, na mtaa mzima ulimsifu.

Ndipo akaja Aneth, fundi umeme kijana wa Geita, mwenye kamera inayoona joto. Kazini huitumia kukagua mota zinazotaka kuungua. Alikuja giza halijaisha vizuri, kwa sababu jua likishapiga kuta, alisema, kamera inadanganywa.

"Shikamoo, Mama Mageni."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo inaona na uchawi?"

"Inaona joto na baridi tu, mama."

"Haya, anza na upande wa kwa Bhoke."

Kwenye kioo, ukuta wa upande wa Bhoke ulikuwa wa njano, rangi ya joto, mzima kabisa. Paskazia aliomba urudiwe. Ukarudiwa, ukabaki wa njano. Dari nayo haikuwa na neno. Aneth akageukia kona ya vifo, yalikopangwa magunia ya chakula, na hapo kioo kikaonyesha ulimi wa bluu ukitambaa sakafuni kutoka nyuma ya magunia. Ulirefuka, ukafupika, ukarefuka tena.

"Mama, ukuta huu unapumua," Aneth alisema.

"Yesu na Maria!"

Wakasogeza magunia. Chini kabisa ukutani palikuwa na bomba la plastiki, na ndani ya bomba upepo wa baridi unakuja kwa mafungu. Walitoka nje wakazunguka banda. Kamera haikuhitajika tena. Mwanamume wa misa ya kwanza alikuwa amechuchumaa kwenye majani, amevaa shati la Jumapili, anazungusha kipulizio cha mkono, kile ambacho wachimbaji hupelekea wenzao hewa chini. Alikuwa amekipaka mafuta ya kupikia kisipige kelele.

Hakushtuka. Alimalizia mzunguko aliouanza.

"Mle ndani kuna moto wa mkaa, Mama Mageni," alisema. "Mlango umefungwa. Wale wadogo, na wako chini. Shimoni anayekufa ni wa chini."

Aneth akaeleza kwa adabu kwamba hofu ya baba ni ya kweli, moshi wa mkaa unaua, lakini banda si shimo: dawa yake ni tundu juu, chini ya bati, na majiko yapewe bomba la kutolea moshi. Huku chini anawapulizia baridi, nao wanakandamizana mpaka wanauana. Mwigulu alimsikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini nyingine.

Paskazia alikuwa amekuja na maneno mengi, na karibu yote yalikuwa ya Bhoke. Alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na vyote viwili vilimtia machozi.

"Hawa wakiisha, Baba Mageni, wewe unarudi shimoni. Si ulisema?"

"Nilisema."

"Na huko nani atakupulizia wewe?"

Mwigulu akaangalia kipulizio. Kisha akachota udongo kwa mikono yake, akautemea mate, akaziba lile bomba, akabonyeza mpaka kidole gumba kikaacha alama. Aliingia bandani, akakaa chini kwenye maranda katikati ya vifaranga, awaone mwenyewe wakihema.

Paskazia akaufungua mlango kidogo, akaketi kando yake. Mwigulu aliwatazama vifaranga. Yeye alimtazama Mwigulu, kifua kikipanda, kikishuka.