Pete ya Kooni

Wivu hauna adabu. Unaweza kumshika mtu mzima katikati ya maji, abiria saba wamekaa mbele yake, akatamani mume wa dada yake azame. Ndivyo ulivyomshika Risasi asubuhi ile Kobe alipompita.

Kobe! Mtu aliyepewa jina hilo tangu utotoni, wala hakuonewa. Risasi na Kobe walivusha watu kwa boti, kutoka gati hili hadi la ng'ambo, na injini zao zilikuwa mapacha: nguvu za farasi nane kila moja, duka moja, mwezi mmoja, mpaka rangi. Miaka minne Risasi alimpita shemeji yake huku akimpungia mkono. Leo Kobe kapita, na mkono hakupunga. Alikuwa anamenya chungwa.

"Vipi Risasi," akauliza mama mmoja mwenye kikapu, "leo baruti imelowa?"

Boti nzima ikacheka. Risasi naye akacheka, jino pembe.

Wiki nzima hakula akashiba. Alibadilisha plagi. Akaosha tangi. Akachomeka ubao nyuma ya boti ili injini ikae juu zaidi. Akachukua tupa akalinoa panga linalosukuma maji, akalinoa upande mmoja kuliko mwingine, injini ikaanza kutetemeka kama mwenye homa. Na kila siku Kobe anapita, leo na chungwa, kesho na karanga.

Mke wake alisimama mlangoni akimtazama. "Mume wangu, shida haiko huko."

"Wewe ulishaambiwa."

Kweli alikuwa ameambiwa asiguse injini. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa injini za boti, na alimlea binti yake spana mkononi. Siku alipoolewa alikuja na sanduku la vifaa la baba. Risasi alilisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Mke wake anuke petroli? Watu waseme Risasi anatengenezewa injini na mwanamke? Thubutu! Na kama kusema kweli ni deni, basi isemwe yote: hata yule marehemu, Risasi alimwonea wivu, kwa jinsi macho ya mkewe yalivyong'aa alipomtaja.

Siku ya nane, mchana, Risasi alikuwa anapita nyuma ya banda la Kobe akasikia sauti anayoijua. Ya mke wake.

"Si nilikwambia, shemeji? Pete ikishatoka, utapumua."

"Hata usingizi napata siku hizi," Kobe akajibu. "Lakini Risasi akijua?"

"Hatajua. Hatazami."

Pete! Kumbe boti ilikuwa kivuli tu, mwizi yumo ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na nguo yenyewe ni shemeji. Mtu akimchukulia abiria, abiria watarudi. Mke je? Bila yule mwanamke, nyumba ile angeingia kufanya nini?

Jioni akamtazama mkewe vidole. Kidole cha pete kilikuwa kitupu.

"Pete iko wapi?"

"Nimeivua isichafuke. Nimeiweka kwenye kikombe."

Isichafuke na nini? Hakuuliza. Aliogopa kujibiwa.

Kesho yake alimfuata. Alipomwona ameingia kwenye banda la Kobe, akaanza kuhesabu mpaka kumi, akafika sita, uvumilivu ukakatika. Akausukuma mlango, kafi mkononi.

Dada yake mwenyewe, mke wa Kobe, alikuwa ameketi na bakuli la skrubu mapajani. Kobe alikuwa kwenye kona, amelala. Katikati yao, mkewe, grisi hadi kwenye viwiko, amepakata kabureta kama mtoto mchanga.

"Wee!" dada akaruka. "Kafi la nini? Kuna nyoka?"

"Pete!" Risasi akafoka. "Nimesikia habari za pete! Nani kavua, kamvulia nani?"

Dada yake akacheka mpaka skrubu zikamwagika, na Kobe akaamka akiuliza kama mvua imeanza.

Mkewe hakucheka. Akatoa mfukoni kipete cha bati. "Hii?" akauliza. "Hii inakaa kooni mwa kabureta. Injini zenu zimezaliwa na nguvu za farasi kumi. Kiwanda kinazichomekea hii ili zisivute hewa ya kutosha, kisha zinauzwa kama za nane. Nimeitoa, na leo nilikuwa namwongezea petroli ilingane na hewa. Basi." Akakivaa kidoleni. Kiliingia sawasawa, kama alipimiwa.

Risasi aliteremsha kafi. Angefurahi, si ndiyo? Mke hajaibiwa. Lakini wivu ulipanda upya, mkali kuliko wa kwanza. "Kwa nini umtengenezee yeye, mimi nipo?"

"Yeye aliniomba. Wewe ulinikataza."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alimeza mate. Mlangoni ndipo alipoomba, kwa sauti ndogo. Mkewe akakubali, kwa sharti moja. "Ukiulizwa nani kaitengeneza, utasema kweli."

"Haki ya Mungu."

Sanduku likatoka chini ya kitanda. Asubuhi ya pili boti iliondoka gatini pua juu. Mkewe alikuwamo, ameketi mbele pamoja na abiria, amempa mumewe mgongo. Wakampita Kobe na chungwa lake. Risasi alipiga kelele ya furaha ambayo hajaipiga tangu ujana.

"Risasi ni Risasi!" akasema mama wa kikapu. "Nani kakutengenezea?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Mke wangu. Maneno mawili tu. Lakini abiria wote walikuwa wamegeuka wanamtazama kwa sifa, na sifa ile aliionea uchungu kuigawa, hata kwa mke.

"Mikono hii hapa," akasema.

Mgongo wa mkewe haukugeuka.

Kesho yake injini iliwaka vizuri, ikaondoka vizuri, ikafika nusu ya maji, alipoiongezea moto, ikawa ileile ya zamani. Kobe akapita. Ng'ambo, abiria walipokwisha kushuka, Risasi akachukua bisibisi. Sasa alijua pa kutazama. Akafungua kifuniko, akachungulia kooni mwa kabureta.

Pete ilikuwamo. Lakini haikuwa ya bati. Ilikuwa ya dhahabu, imebanwa palepale, na kwa ndani zilisomeka herufi mbili alizozichongesha yeye mwenyewe mwaka wa harusi. Akaichomoa, akakaa chini, akaishika muda mrefu.

Alirudi bila abiria, polepole. Gatini mkewe alikuwa amefungua sanduku la baba yake mchana kweupe, amezungukwa na waendesha boti, kila mmoja na injini yake.

"Risasi, vipi?" mmoja akaita. "Imekufa tena?"

"Haijafa. Naipeleka kwa fundi."

"Fundi yupi?"

"Mke wangu!" akasema, kwa sauti ya mnadani, mpaka waliokuwa sokoni wakageuka. "Fundi ni mke wangu! Hata ile ya jana aliitengeneza yeye. Nilidanganya!"

Mkewe hakuinua kichwa. Alifuta spana kwa kitambaa, akaipima nati.

"Mteja," akasema, "foleni inaanzia nyuma ya shemeji yako."

Risasi akaenda akasimama nyuma ya Kobe, pete kiganjani, akiionea wivu kila injini iliyotangulia kushikwa.