Tusiseme Kukimbia

Mwaka ule nilikuwa na lengo moja tu, na wala sikuwa natafuta kombe: nimalize kilomita kumi chini ya dakika sitini. Mimi ni fundi cherehani. Nashinda nimekaa, nashona sare za shule, na mgongo wangu unazo habari. Kwa hiyo kila alfajiri nilitoka getini hadi kwenye tangi la maji na kurudi, mara mbili. Kilomita ya kwanza huwa ni matusi matupu. Ikifika ya tatu pumzi inatulia, miguu inajiendea yenyewe, nami nafurahi kijinga, nachekea hata mbwa wa watu. Muda wangu bora ulikuwa dakika sitini na moja na sekunde tisa. Ile dakika na zile sekunde zilikuwa zinaninyima raha.

Magoti yalikuwa mazima. Tatizo lilikuwa mama.

Mama alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na sasa kumbukumbu zinamtoka moja moja. Jina langu leo analo, kesho halimo. Lakini jambo moja limegoma kutoka: baba alitukimbia. Ndivyo alivyosema siku zote, tangu nina miaka minane. Basi nikiaga kwamba nakwenda kukimbia, uso wake unabadilika.

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, Mama. Nakimbia tu."

"Hakuna mtu anayekimbia tu."

Haya, bishana na mwalimu uone. Neno lenyewe moja, limebeba mbio na kutoroka kwa pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa natoka jasho.

Jirani yetu, nesi mstaafu mwenye ulimi wa wembe, ndiye aliyenipa dawa. "Sema unakwenda mazoezi. Humu ndani tusiseme kukimbia." Akawa anakuja kukaa na mama kila ninapotoka. Miezi minne tukaishi kwa neno hilo, na mama akawa ananiaga kwa furaha: "Fanya mazoezi yako vizuri, na usinakili kwa mwenzako!" Nilikuwa nacheka mpaka kwenye tangi la maji.

Jumapili ya mashindano ikafika. Mbio zilikuwa zinaanza saa moja asubuhi kwenye uwanja wa karibu na kupita mtaani kwetu. Fulana niliyopewa na waandaaji niliitandaza juu ya kiti, nikaingia bafuni. Nilipotoka, mama alikuwa ameishika, kidole chini ya yale maandishi makubwa ya kifuani, kama alivyowafundisha watoto wa watu wote.

"Na. Ki. Mbi. A."

Nilisahau kwamba kusoma hakujamtoka. Mimi, ninayekagua kila kifungo cha wateja, fulana yangu mwenyewe sikuifikiria.

"Umenidanganya," akasema. "Eti mazoezi."

Jirani akajaribu kumpoza, hakupozeka. Alikwenda kukaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, akavaa viatu vyangu vya mbio na kukaza kamba mafundo matatu matatu.

"Mama, nitarudi saa mbili na nusu. Naapa."

"Baba yako alisema saa mbili."

Sikuwa nalijua hilo. Miaka yote hakuwahi kulisema.

Nikapiga magoti, nikashika kamba. Fundo kwangu si kitu, vidole hivi hufumua nyuzi kutwa. Lakini aliweka mikono yake juu ya yangu, na mama yangu aliyekuwa akinyamazisha darasa la watoto sabini kwa jicho tu akaanza kulia kwa sauti. "Usiniache. Nitakuwa mwema." Nikaiachia kamba. Jirani akaninong'oneza, "Mtoe tu, nenda, atasahau sasa hivi." Sikuweza. Honi ya kuanzia ikalia uwanjani, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukabonyeza saa.

Nikakaa chini kando yake. Miezi minne ya alfajiri ilikuwa imefungwa miguuni mwake, ndani ya viatu vilivyomzidi namba mbili, nami nilikuwa na hasira na sikuwa na wa kumkasirikia.

Baada ya muda tukasikia vishindo vya miguu mtaani. Mama akanyanyuka, akajikokota na viatu vyangu hadi dirishani, akawatazama wale wakimbiaji wote na fulana zao, akiwasoma vifuani mmoja mmoja.

"Maskini," akasema. "Wote hawa wana mama zao."

Kisha akanigeukia, akanipapasa shavu kwa upole kabisa.

"Umefanya vizuri wewe kubaki. Binti yangu mwenyewe amekimbia."

Jirani akageuza uso. Nikamwambia mama ndiyo, nimebaki, nikamvutia kiti akae.