Mashine Iliyosahau Saa

Mtu yeyote wa Kyela mjini atakuambia kwamba Ridhwani fundi saa hakosei saa. Kazi hii nimeianza nikiwa na ndevu nyeusi, na hata saa ya msikitini naitunza mimi. Watu wa Bujonde wakija sokoni hupita dukani kwangu, hutazama ukutani, hurekebisha za kwao, kisha huondoka bila kununua hata mkanda. Silalamiki. Heshima nayo ni kitu, hasa ukiwa huna kingine.

Na kingine sikuwa nacho. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, saa za plastiki zilikuwa zinamiminika kwa magunia. Mtu anavaa moja mpaka ife, anaitupa, anavaa nyingine. Nani atakuletea utengeneze? Kufikia mwaka 2001 nusu ya duka langu ilikuwa kabati tupu na vumbi. Nusu hiyo ndiyo niliyompa binti yangu Tausi aliporudi kutoka Dar es Salaam na kozi ya miezi mitatu kichwani, kompyuta iliyotumika na printa kubwa ambayo kuibeba kulihitaji wanaume wawili. Alitaka kufungua ofisi ya kuchapa barua, kadi na mitihani ya shule. Nikaona sawa, angalau duka litasikika lina mtu.

Printa ikagoma. Tausi akasema inataka programu yake, na ya dukani hatuiwezi, lakini yeye amekuja na ya bure kwenye disketi. Basi kumbe ya bure huja mbichi.

"Ni maandishi tu, baba," alinieleza. "Mashine inayasoma, inayajenga yawe programu. Ni kama umepewa mchele, kupika ni juu yako."

"Na ukikosea kupika?"

"Narekebisha maandishi, naiambia ijenge tena. Yenyewe inalinganisha saa. Ikiona nilichorekebisha ni kipya kuliko programu iliyopo, inajenga upya. Ikiona programu ndiyo mpya zaidi, inasema 'tayari' na kukaa kimya."

"Yaani inatazama saa?"

"Inatazama saa tu. Haitazami kingine."

Nikaipenda mashine ile kuanzia dakika hiyo.

Jumatatu asubuhi Tausi aliiwasha mwenyewe, na saa nne na dakika ishirini kamili programu ikawa imejengwa. Nilitazama ukutani, ndiyo maana nakumbuka. Tulikuwa na wageni wawili. Mmoja ni Anyosisye, mwalimu wa kwaya kutoka Makwale, aliyeleta ratiba ya sikukuu yao ya mavuno, imeandikwa kwa mkono, akitaka nakala kabla ya Jumapili. Wa pili ni Said, binamu yangu muuza mitumba, ambaye nusu ile ya duka alikuwa ameimezea mate tangu mwaka juzi.

Tausi akaiendesha programu. Kioo cha kompyuta kikaandika mstari mmoja: printa haionekani. Printa yenyewe ilikuwa imeigusa kompyuta ubavuni. Kabla hajainama kutazama waya, umeme ukakatika.

Said akacheka, tena kile kicheko chake cha kukohoa. "Kaka, mimi robota la suruali halihitaji umeme."

Damu ikanipanda. Nilikuwa na hasira na Said, lakini aliyekuwa karibu ni Tausi. Nikasema mbele yao wote: "Mpaka Ijumaa baada ya swala. Isipochapa, nusu hii ni ya Said, na wewe utakwenda Tanga kwa shangazi yako Pili."

Shangazi Pili amekuwa akimwomba Tausi tangu amalize shule, amsaidie kazi za nyumbani. Ana pia jirani mmoja aliyefiwa na mke ambaye humtaja katika kila barua, bila sababu yoyote ya maana. Tausi aliyajua hayo yote. Alikunja karatasi ya Anyosisye vizuri, akaiweka chini ya kibodi.

Sasa mashine ile ilikuwa na ila moja: ikizimika inasahau siku na saa. Tarehe ilikuwa imeng'ang'ania mwezi wa kwanza, tarehe moja, mwaka 1980, na Tausi hakuijali kwa sababu haitokei kwenye barua ya mtu. Kwa hiyo kila ilipowashwa, kwake ilikuwa mwaka mpya wa 1980, na sisi bado tuko kwenye foleni ya sabuni. Ila saa aliitaka sahihi. Akabandika karatasi juu ya kioo: *Ikiuliza tarehe, bonyeza tu. Ikiuliza saa, andika saa.*

Kazi ya kuiwasha aliniachia mimi, kwa kuwa nafungua duka saa moja na yeye huja saa tatu, baada ya kumsaidia mama yake. Akasema hakuna mtu mjini anayemwamini kwa saa kuliko mimi. Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Umeme uliporudi Jumatatu ile ilikuwa saa sita na dakika kumi. Nikatazama saa yangu ya ukutani, ambayo huilinganisha na milio ya redio, nikaandika 6:10 na kubonyeza mshale wa sekunde ulipofika juu. Jumanne asubuhi nikaandika 1:05. Jumatano 1:02. Sidhani kama kuna kompyuta Tanzania nzima iliyowahi kuhudumiwa hivyo.

Jumanne Tausi aliingia akiwa amechangamka. Alikuwa amewaza hadi akapata: maandishi yaliitafuta printa kwenye tundu la kwanza nyuma ya mashine, na yetu imechomekwa la pili kwa kuwa la kwanza limevunjika. Tulikuwa tunakunywa chai. Alirekebisha mstari mmoja, akaiambia mashine ijenge.

"Tayari," akasoma. "Umeona, baba? Imekubali."

Akaiendesha. Printa haionekani.

Akabadilisha waya. Printa haionekani. Akarekebisha faili lingine, mashine ikasema tayari, na printa haikuonekana. Jumatano alirekebisha mawili. Alhamisi aliandika upya ukurasa mzima, na mashine ikasema tayari kwa adabu ile ile. Ilipofika saa kumi jioni umeme wa mgao ukaondoka kama kila siku, naye akainuka bila kuniaga.

Mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa natoa mashauri. Nilimwambia mashine nazo zina mishipa, hazitaki kulazimishwa. Nilimwambia kazi ya ufundi si ya kusoma miezi mitatu, mimi nilikaa miaka minne nashika kibano cha mtu mwingine kabla sijaruhusiwa kufungua saa. Nilimwambia kosa likirudi lile lile kila siku, ujue fundi ndiye anayelirudia. Hili la mwisho nalikumbuka neno kwa neno. Wakati huo Said alikuwa anapigilia misumari ya kutundikia mashati, eti anajaribu ukuta.

Ijumaa asubuhi Tausi alikuja na begi. Aliliweka mlangoni, akaketi anakili kazi zake kwenye disketi. Mara akasimamisha mikono.

"Baba, njoo uone. Nani huwa anaingia dukani alfajiri?"

Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya mafaili yake, kila moja na saa ambayo lilirekebishwa. Akaweka kidole kwenye lile la tundu la printa.

"Hili nililigusa Jumanne tu, tena asubuhi. Lakini limeandikwa 4:35. Saa kumi na nusu ya alfajiri! Nilikuwa nimelala. Na haya mengine pia, 5:50, eti saa kumi na mbili kasoro. Kuna jini humu?"

Nikatazama ile 4:35. Nilikuwa naijua vizuri. Ni saa nne na dakika thelathini na tano, chai ikiwa mkononi, na yeye akisema umeona, baba.

Kwenye saa za mishale, saa nne tunapoisema sisi, mshale mfupi unakaa juu ya kumi, na kila mtoto wa nchi hii anajua. Nikitengeneza saa naweka mshale juu ya kumi na mteja anasoma nne, hatugombani. Lakini mashine haikuniuliza mshale nauweka wapi. Iliuliza saa, nami nikaijibu saa. Nikatazama juu ya orodha: programu yenyewe, iliyojengwa Jumatatu na Tausi akiwa ameandika saa kwa jinsi alivyofundishwa Dar es Salaam, ilikuwa na 10:20. Mashine iliyoamini kila siku ni siku ile ile ilikuwa na programu ya 10:20 na marekebisho ya 4:35. Ikasema tayari. Kwa nini isiseme? Tangu Jumatatu haikuwa imejenga kitu chochote. Saa niliyoipa mimi haikuwahi hata kufika kumi na dakika ishirini kabla umeme haujakatwa.

Nilielewa yote hayo nikiwa nimesimama nyuma yake, mkono wangu umeshika kiti chake. Nikasema, "Labda mashine imechakaa."

"Labda," Tausi akasema, na kuendelea kunakili.

Nilikwenda kuswali. Khutuba ilihusu usafi wa mitaro. Hakuna aliyenitaja, hakuna aliyegusia wazazi wala mabinti, ningeweza kuketi pale kwa raha kabisa kama isingekuwa ile saa ya ukutani. Niliitengeneza kwa mikono yangu. Mshale mfupi ulikuwa juu ya moja, na jirani yangu akaitazama, akanong'ona, "Saa saba tayari." Hakuna aliyeshangaa. Nikaona aibu. Ningenyamaza, mji mzima ungeendelea kuamini saa yangu, na binti yangu angekuwa Tanga anaosha sufuria, akiamini maisha yake yote kwamba hana kichwa cha kazi hii.

Niliporudi, mkokoteni wa Said ulikuwa mlangoni na marobota manne. Anyosisye naye alikuwa amekuja kuchukua ratiba yake aipeleke kwingine. Tausi alikuwa anakunja waya.

"Washa hiyo mashine," nikasema.

"Nimeshafunga, baba."

"Ifungue. Saa nilikosea mimi. Saa moja niliandika moja. Kila siku."

Nikaona anahesabu kwa vidole, sita mbele, sita nyuma, akatazama orodha yake kichwani. Uso ukambadilika.

"Kwa hiyo lile la Jumanne..."

"La Jumanne lilikuwa sahihi. Halikujengwa tu."

"Ulijua lini?"

Said na Anyosisye walikuwa wanasikiliza, na ningeweza kusema nimejua sasa hivi, njiani. "Asubuhi," nikasema. "Uliponionyesha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichomeka waya, akabonyeza, kisha akasogea kwenye benchi ili kibodi iwe mbali na mikono yangu.

Nikatafuta la kufanya. "Lakini kwa nini inasahau saa kila ikizimwa?"

"Betri yake ya ndani imekufa," alijibu bila kunitazama. "Ya duara, bapa, kama sarafu. Mpaka niagize Dar es Salaam."

Nilivuta droo yangu ya pili. Humo kuna kibati cha majani ya chai ambamo naweka betri za saa za mezani na za vikokotoo, duara, bapa, kama sarafu, na kutoka kwenye droo hiyo hadi kwenye mashine ni hatua mbili. Siku tano nilikaa chumba kimoja na saa inayosahau kila usiku, mimi, fundi saa, na sikuwahi kuuliza inaumwa nini. Niliona fahari kuirekebisha.

Akaizima, nikafungua kifuniko kwa bisibisi yangu ndogo, nikaitoa ile iliyokufa kwa kibano na kuweka nzima. Tausi akaiwasha, akaandika tarehe ya Ijumaa ile, akaandika saa yeye mwenyewe. Mwaka 1980 ukaisha. Kisha akafungua faili la tundu la printa, akalihifadhi vile vile bila kubadilisha hata nukta, akaiambia mashine ijenge.

Safari hii haikusema tayari. Mistari ilipita juu ya kioo kwa muda mrefu, Said akachoka kusimama akakalia robota lake. Kisha printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na ratiba ya sikukuu ya mavuno ya Makwale, ambayo Tausi alikuwa ameshaiingiza kwenye mashine, ikaanza kutoka.

"Sasa mimi je?" Said akauliza.

"Ng'oa misumari yako," nikamwambia.

Tausi alibandua ile karatasi ya maagizo kwenye kioo, akaikunja, akaitia kwenye begi. Begi lenyewe akalisukuma chini ya meza kwa mguu. Kwangu bado hakuwa ametazama.

Anyosisye alipokea nakala zake zikiwa bado na joto. "Ndaga fijo, binti," akamshukuru. Kisha akanigeukia mlangoni, kama watu wote wa Kyela wanavyofanya wakitoka dukani kwangu. "Fundi, sasa hivi saa ngapi? Nisikose gari la Makwale."

Nikamwambia amuulize Tausi.