Usawa wa Sikio

Mafundi wenzake walimwita Pima, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Miaka thelathini na moja ya kujenga nyumba za watu ilikuwa imemwachia ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimeinama akakiacha. Akialikwa chakula, kwanza huchungulia meza. Akikuta mguu mmoja mfupi, hali mpaka ameukunjia karatasi. Binti yake, kitinda mimba, alizoea kumtania kwamba siku ya harusi baba atakuja na pima maji kuona kama bwana harusi amesimama wima.

Sasa binti huyo alikuwa siku ya nne katika chumba cha wagonjwa mahututi, hana habari na dunia. Pikipiki ilimgonga akitoka kazini, akaangukia kichwa. Daktari aliwaeleza wazazi bila kuzungukazunguka: ubongo umevimba, na fuvu ni nyumba isiyo na mlango. Ubongo ukizidi kuvimba humo, unajibana wenyewe mpaka unakufa. Ndiyo maana walitoboa tundu dogo, wakapitisha mrija mwembamba wa kupunguza maji ya kichwani na kupima presha ya humo ndani. Namba ilisomeka kwenye skrini. Ikivuka ishirini na mbili, ni hatari. Asubuhi hiyo ilikuwa kumi na tisa.

"Mzee, kitanda msikiguse," nesi aliwaambia tangu siku ya kwanza. Pima akaitikia kwa kichwa. Siku ile hata angeambiwa nyumba yake inaungua angeitikia kwa kichwa.

Saa nne nesi akaitwa kwa mgonjwa wa pili, nyuma ya pazia. Pima akabaki na mwanawe, na ule ugonjwa wake ukaamka. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa upande wa kichwani, mtoto ameteleza kidogo, shingo imekaa upande. Nani analala hivi? Mteremko ule ulikuwa ukimkera tangu juzi. Vitufe vilikuwa ubavuni mwa kitanda, vimechorwa mishale ambayo hata mtoto wa chekechea angeielewa. Akabonyeza. Kitanda kikashuka taratibu mpaka kikalala sawasawa. Akainyoosha shingo, akaweka shuka vizuri, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Alipoinua macho, skrini ilisema tisa.

Alitoka karibu anakimbia. Mkewe alikuwa kwenye benchi la korido, mfuko wa kanga safi za mtoto mapajani.

"Mama, imeshuka! Tisa!"

"Tisa? Si ilikuwa kumi na tisa?"

"Nimemlaza vizuri tu, basi."

Mke alifunika uso kwa viganja viwili akalia, kisha akatafuta simu awape ndugu habari. Pima akamwacha akisema "tisa, tisa" kwenye simu, akarudi ndani kuitazama tena namba yake.

Bado ilikuwa tisa. Lakini ile chupa iliyoning'inia kwenye nguzo kando ya kitanda, ambayo tangu jana ilikuwa ikipokea maji ya kichwani tone moja moja, ilikuwa imenyamaza. Akahesabu mpaka hamsini. Tone halikuja. Ndipo alipokiangalia kile kidude cha kupimia kilichofungwa kwenye nguzo, na juu yake pima maji ndogo yenye kipovu katikati, ndugu yake yule aliyembeba mfukoni maisha yake yote. Kila zamu alimwona nesi akikilenga kidude hicho na tundu la sikio la mgonjwa, jicho moja amelifumba, akampenda bure kwa umakini wake, asijiulize anapima nini. Sasa sikio lilikuwa chini ya kidude kwa shubiri nzima.

Hakuhitaji kuelezwa. Maji hayapandi mlima. Presha haikushuka, kilichoshuka ni kichwa cha mwanawe, na kipimo kikabaki juu kikisema uongo.

Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe. Angekiinua tu kitanda, nani angejua? Nje mkewe alikuwa anapokea pongezi. Na yeye, aliyewahi kumfukuza mtu kazini kwa ukuta uliopinda unene wa kidole, aseme kwamba ndiye aliyepindisha kipimo cha uhai wa binti yake? Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa wa kuchukuliwa hakuwa yeye. Mtoto alikuwa amelala hivyo dakika ngapi? Kumi na tano? Ishirini? Hakujua, na kutojua huko kulimtisha kuliko aibu.

"Nesi!" aliita. "Mwanangu, njoo! Nimekilaza kitanda. Ni mimi. Muda umepita."

Nesi hakumgombeza. Alikuja mbio, akakiinua kitanda, akakilenga kidude na sikio. Ishirini na sita. Kengele ikalia. Akammulika mgonjwa tochi jicho moja, kisha la pili, akamwita daktari. Dawa ya kupunguza uvimbe ikaingia mshipani. Pima alisimama ukutani, mikono nyuma, akiogopa hata kugusa ukuta.

Tone likaanguka. Halafu jingine. Ishirini na nne. Ishirini na moja. Ilichukua karibu saa nzima kufika kumi na nane, ikatulia hapo.

"Kosa umelifanya, mzee," daktari alisema. "Lakini umesema mapema. Ungenyamaza, sijui sasa ningekuwa nakwambia nini."

Nesi akamwita kwa kidole. "Njoo uone, ili usirudie."

Pima akapiga goti, akafumba jicho moja. Kipovu katikati. Mstari umenyooka mpaka kwenye tundu la sikio, lile sikio alilowahi kulinong'onezea jina la mtoto siku aliyozaliwa. "Imekaa," alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo, jicho lingine bado limefumbwa.

Pima alipotoka, mkewe alikuwa bado na simu mkononi.

"Ile tisa haikuwa kweli," alimwambia. "Niliiharibu mimi. Nilikilaza kitanda."

Mke akaiweka simu juu ya mfuko wa kanga. "Sasa je?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane ya kweli?"

"Ya kweli," Pima alisema. "Nimeipima mwenyewe."