Losheni Juu ya Tabaka la Ishirini

Habari ilinikuta bombani, ndoo haijajaa: eti binti yangu kasahau plastiki ndani ya bawa la ndege. Nilicheka. Lakini maneno yale yalinganda kichwani, nikipika yapo, nikifua yapo. Jioni mwanangu huyo akarudi macho mekundu. Kasimamishwa kazi.

Tulikuwa kiwanda kimoja cha mabawa ya ndege, yeye fundi, mimi mfagiaji. Pale wanatandika kitambaa cheusi chenye gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha kipande kinaingia tanuri kubwa linalopika huku likikandamiza. Kinatoka kigumu kama chuma na chepesi. Kila tabaka lina ngozi ya plastiki ya kubandua. Matabaka arobaini, ngozi arobaini, zote zinahesabiwa na kuandikwa kwenye kadi. Ikipungua moja imebaki ndani, na bawa halitashikana.

Mwanangu aliniambia alitandika nusu tu. Nusu ya pili aliitandika msimamizi wake, tunayemwita Kipimo kwa vile rula haimtoki mfukoni. Alimtuma stoo, akamalizia mwenyewe kwa haraka, akatia sahihi, na ngozi moja ilipokosekana akamsingizia yeye. Niliiona kadi ile kwa macho yangu nikifuta meza, sahihi ya Kipimo ipo chini kabisa. Ningeipeleka kwa meneja. Sikuipeleka. Nilitaka Kipimo aonje kwanza.

Mle ndani losheni ni marufuku hata kwa sisi wafagiaji. Mkono wenye mafuta ukigusa kitambaa, gundi haikamati. Basi wiki ya pili nikakuta kipande cha Kipimo kimefunikwa, kimefika tabaka la ishirini, kadi ina jina lake peke yake. Nilikuwa nimeficha losheni kwenye aproni. Nikapaka viganja, nikafunua, nikabonyeza huku na huku, taratibu, kama namkanda mtoto. Nikafunika. Zamu yangu ikaisha saa sita mchana, nikatoka nimenyooka. Sijawahi kula chakula kikashuka vizuri kama siku ile.

Jioni mwanangu kaingia anacheka.

"Mama, wamenirudisha. Kipimo kazidiwa na kazi, kanipa kipande chake nikimalizie. Nimetandika matabaka ishirini ya juu, nimehesabu mara tatu. Kadi sasa ina jina langu."

Nilirudisha tonge sahanini. Nikamuuliza kama kimeshaingia tanurini. Akasema kinaingia kesho asubuhi, na mbona nimepauka hivyo.

Nilijua nikinyamaza, ama watalikuta kosa na mwanangu ndio basi tena, ama hawatalikuta, na watu watapanda ndege ile. Asubuhi nikawahi getini, nikamwambia meneja yote, Kipimo amesimama pembeni.

"Losheni ni mkono wangu," nikasema. "Lakini ile plastiki ni mkono wa huyu hapa. Tazameni kadi."

Kipimo hakupandisha hata sauti. "Mama, jana umeharibu bawa makusudi. Leo tukuamini wewe?"

Meneja hakulifungua hata kabati la kadi. Kipande kikatupwa, nami nikatupwa. Mwanangu walimbakiza, ila doa la ile plastiki limebaki kwenye faili lake. Kahama nyumbani. Simu yangu anapokea, anasema yuko kazini, anakata.

Kipimo bado yupo, na sijamsamehe. Akipita barabarani na rula yake damu inanichemka. Silaha niliyokuwa nayo ilikuwa kadi, nami nikachukua losheni. Kwa hiyo nyinyi kina mama wenye watoto viwandani, nawaandikia hivi:

Usifanye kazi na mtoto wako chumba kimoja.
Usiguse kipande kisicho chako, hata kama mwenye nacho unamchukia.
Usipake mafuta siku ya kazi.
Usikae na ushahidi ukingojea kulipiza.
Usimfichie mtoto hasira yako. Mwambie kabla hujainua mkono.
Usidhani jina lililo kwenye kadi asubuhi ndilo litakuwepo jioni.