Nafasi ya Kujigeuza

Du. Kimya. Kisha du, du, kama mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole.

Seremala aliujua mshindo huo. Jike mkubwa alikuwa akipiga ubao kwa mguu wa nyuma, na sungura hapigi mguu bure. Akawaruka wanawe wanne waliolala mzungu wa nne sakafuni, akatoka.

Uani, kwenye kichochoro kati ya chumba chake na choo cha wapangaji, Bwana Afya alikuwa amekwisha kuchutama mbele ya vizimba. Nyuma yake walisimama askari wawili wa jiji na marungu yao, na nyuma kabisa mwenye nyumba, mikono mfukoni. Vizimba hivyo vya ghorofa tatu seremala alivigongelea mwenyewe kwa mbao za makasha, baada ya karakana kumfukuza kazi. Ndani mlikuwa na sungura wa nyama kumi na mmoja. Nyumba nzima ilikula kwa migongo yao.

Bwana Afya akavuta futi. Akasema sheria inataka mnyama apate nafasi ya kujinyoosha na kujigeuza. Hawa wamebanana, huo ni ukatili. Tena wako karibu mno na wanapolala binadamu. Vizimba vivunjwe.

Seremala aliomba siku tatu tu. Jike kazaa juzi, akishtushwa ataua wanawe. Mwenye nyumba akacheka, akasema kumbe siku hizi hata sungura wana likizo ya uzazi. Hakuna mpangaji asiyejua kwamba alikitaka kichochoro kile ajenge chumba kingine.

Seremala akampokonya Bwana Afya futi, akaingia nayo chumbani, akainyoosha kutoka mlangoni hadi kwenye nyayo za mkewe aliyelala ukutani.

"Futi tisa kwa tisa, mkuu. Watu sita. Nani hapa anaweza kujigeuza?"

"Nyinyi hamumo kwenye fomu yangu," alijibu Bwana Afya.

Seremala alipotoka, rungu la kwanza la askari lilimpata begani. La pili likampasua nyusi. Askari wa pili akapiga teke vizimba, mbao zikalia, ghorofa ya juu ikaporomoka. Jike, macho yamemtoka pima, akaruka huku na huku juu ya wanawe mpaka manyoya aliyojinyonyoa kifuani kuwatandikia yakalowa damu. Askari wakaanza kuwatia sungura guniani. Mmoja akasema leo kwake ni kitoweo.

Walipofikia sungura wa tano, seremala aliinuka. Hakuwagusa. Alimkamata sungura aliyekuwa karibu, mkono mmoja miguuni, mwingine shingoni, akavuta. Ka. Akautupa mzoga kwenye mlango wa jirani. Wa pili, ka, mlango wa pili. Milango iliyokuwa imefungwa tangu vurumai ianze ikafunguka kiasi cha mkono kupita, na mikono ikapokea. Jike alimwacha wa mwisho. Alimfunika macho kwanza.

Askari waliondoka na gunia lao, Bwana Afya mbele.

Mwenye nyumba alibaki akipima kichochoro kwa hatua. Akasema kwa upole kwamba yaliyopita si ndwele. Chumba kitaanza kesho kutwa, kitahitaji mlango, na fundi si huyu hapa, tena hana kazi?

Seremala alijifuta jicho kwa kiganja kilichokuwa na damu isiyo yake.

"Mlango tafuta fundi mwingine," alisema. "Jeneza lako nitalichonga mimi, mzee wangu, tena bure."